Waliniita Mwizi wa Feni

Kwa ambaye ndiyo kwanza ananisoma leo, ajue haya tu. Naitwa Tumpe, fundi wa laptopu, mzaliwa wa Tukuyu. Kule Mwanjelwa, Mbeya, nilishirikiana ofisi na mwanaume anaitwa Nashoni. Siku moja akakusanya laptopu za wateja akapotea nazo, mimi nikabaki mlangoni naitwa mwizi na soko zima. Nikakimbilia Mafinga kwa shangazi yangu Faustina, na zaidi ya yeye sikumwambia mtu kilichonitoa Mbeya.

Mafinga nikapata kona ndani ya duka la Mzee Kalinga. Anauza misumari, bawaba na rangi, na ni mzee wa kanisa kwa Walutheri. Alinipa meza, taa na sharti moja. Siku atakayosikia neno wizi limetajwa pamoja na jina langu, ninaondoka. Nilikubali haraka mno, mpaka akanitazama mara mbili.

Nilidhani nimepumzika. Thubutu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, baridi ya mwezi wa saba, watu wanatoa moshi midomoni. Akaingia Ambrosi, bwana mwenye mashine ya kupasua mbao njia ya Sao Hill. Wiki moja kabla nilikuwa nimemsafishia laptopu yake ya gemu, moja ya zile nene zenye feni mbili na taa nyekundu kwenye vitufe. Nilimtolea unga wa mbao wa kujaza kiganja. Nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikafunga, akaondoka anacheka.

Siku hiyo hakucheka wala hakusalimia. Alinipita mimi kama kinyesi cha kuku, akasimama mbele ya mzee. Dukani kulikuwa na wateja wanne, nao walimsikia vizuri.

"Mzee Kalinga, umefuga mwizi humu. Kanichomolea feni orijino."

Nyie, damu ilinipanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Nchi hii fundi ni mwizi mpaka athibitishe vingine. Mtengenezee mtu redio leo, ikifa mwakani atasema ulimwibia spea. Ila mimi neno hilo lilishanitoa mji mmoja, na sikuwa na shangazi mwingine wa kumkimbilia.

Ambrosi akaeleza hoja yake. Ana gemu mpya ya mbio za magari, nzito, imejaza nusu ya nafasi yote. Hiyo anaicheza ofisini kwake kule kwenye mbao, peke yake, saa mbili nzima, na laptopu haisemi kitu. Halafu ana gemu ya mpira ya zamani, ya tangu yuko sekondari, nyepesi kama karatasi. Hiyo anaicheza nyumbani na rafiki zake, na haimalizi dakika ishirini. Laptopu inakoroma, inaunguza mikono, inazimika. Sasa mashine gani inabeba zege halafu inaangushwa na debe la pumba? Lazima kuna kitu kimetolewa ndani.

Hoja ilikuwa ya kijinga, lakini ilikuwa na sura ya akili, na hoja za namna hiyo ndizo zinazoua watu. Wateja wote wanne waliitikia kwa vichwa.

Niliifungua pale pale, nikamwonyesha feni zake zote mbili. Akasema ndiyo, zimo, ila hizo siyo zake.

Mzee Kalinga alikuwa kimya muda wote huo. Mhehe akipiga kelele una bahati, akinyamaza kazi unayo. Mwishowe akaniambia neno limeshatajwa dukani kwake na hawezi kujifanya hakulisikia. Akanipa mpaka Jumatatu inayofuata niwe nimelifuta, la sivyo nikusanye vitu vyangu.

Basi nikaketi na ile laptopu nikiwa na hasira ya kutafuna misumari. Nikaweka kiprogramu kidogo kinachoandika pembeni ya kioo joto limefika nyuzi ngapi, na mashine inachora picha ngapi kwa sekunde. Nikafungua gemu ya magari. Picha sitini, joto sabini na nane. Hakuna kesi. Nikafungua gemu ya mpira. Picha mia nne na kumi, joto tisini na moja, na feni zinalia.

Nilirudia mara tatu, nikacheka peke yangu.

Sikilizeni, maana hili nalo mtu atakuja kumwita fundi wake mwizi. Gemu za zamani zilitengenezwa wakati kompyuta zikiwa hoi. Waliozitengeneza hawakuziwekea kikomo cha kasi, kwa sababu hakukuwa na mashine ya kufika huko. Leo unaipa mashine yenye nguvu, gemu inaiambia chora, na yenyewe inachora bila kupumzika, mamia ya picha ambazo hata jicho halizioni. Mpe kijana pikipiki mpya pale Igawa, barabara tambarare, hana abiria wala mzigo, uone kama hatafungua mafuta mpaka mwisho. Gemu mpya inajizuia yenyewe. Ile ya zamani hakuna wa kuizuia.

Nikaiwekea kikomo, picha sitini tu. Joto likashuka mpaka sitini na nne.

Jumatano nikamwita Ambrosi. Akacheza mechi mbili nzima juu ya meza yangu, akashinda zote. Mzee Kalinga akaja akaweka kiganja juu ya laptopu kama mtu anayepima homa ya mtoto, akarudi kwenye misumari yake. Ambrosi akasema sawa. Samahani hakusema, na lile neno hakulirudisha alikolitoa.

Shangazi Faustina aliniambia nimfuate akalifute kwa mdomo wake. Mimi nikajibu kwamba mashine imenisemea. Kiburi changu hicho.

Ijumaa saa mbili asubuhi Ambrosi huyo tena. Alikuwa na wageni Alhamisi jioni, akafungua gemu ya mpira, na laptopu ikazimika mbele yao wamekaa na soda mkononi. Sasa alikuwa na jipya. Alisema kwangu inacheza, kwake inakufa, kwa hiyo nina kitu ninakifunga hapa na kukifungua ikifika kwake. Kutoka mwizi nikapandishwa cheo kuwa mchawi.

Nikaiwasha mbele yake. Dakika arobaini, nyuzi sitini na tano. Akazidi kukasirika, akasema si mnaona.

Nilimwomba nikaione ikiwa nyumbani kwake, akakataa katakata. Nikamwambia nitakuja hivyo hivyo, na mbwa wake amfungue akipenda.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa mlangoni na mkoba wangu wa bisibisi. Alinifungulia mke wake, Juliana, mwanamke mtaratibu mwenye sauti ya chini. Akanipa kamwene, salamu ya Kihehe, akanikaribisha, akanimiminia chai ya maziwa kabla hajajua nimefuata nini. Ambrosi alipotoka chumbani akanikuta nimeshakaa, na aibu ya kumfukuza mgeni mwenye kikombe mkononi ikamshinda.

Sebule ya Juliana, kila kitu kimevishwa. Makochi yana vitambaa vya kufuma, mgongoni na mikononi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kofia yake. Hilo halikunishangaza, huku nyanda za juu ndivyo tunavyokaa. Kitu kilicho uchi sebuleni ni kitu cha nyumba isiyo na mwanamke.

Halafu nikaiona laptopu juu ya meza. Ilikuwa imevaa sweta.

Sweta kweli, sitanii. La bluu, limefumwa kwa uzi mzito, limeishika chini na ubavuni mpaka nyuma, lina vifungo viwili na tundu dogo la kupitisha waya wa chaji. Palipoachwa wazi ni kioo na vitufe tu. Chini inakovutia hewa kuna sufu. Nyuma inakotolea joto kuna sufu.

Niliweka kikombe chini. Nikauliza ni nani ameivisha.

Juliana akafurahi kuulizwa. Ni yeye, lilimchukua wiki mbili, akalimaliza siku ile ile laptopu iliporudi kutoka kwangu kusafishwa. Asubuhi moja aliigusa akaikuta baridi kama bati lenye umande ulioganda, akaionea huruma, kitu cha thamani kama kile kulala wazi. Ikienda ofisini kwenye mbao anaivua, sweta lisiingie unga. Ikienda kwa fundi anaivua pia, maana mafundi, samahani mdogo wangu, mna mikono ya grisi.

Kesi yote ikaisha hapo. Gemu ya magari inachezwa ofisini, laptopu ikiwa wazi. Gemu ya mpira inachezwa nyumbani, laptopu ikiwa ndani ya sweta. Na kwangu ilikuja wazi kila siku. Gemu ya zamani ilikuwa na kosa lake, hilo nilishaliziba, lakini kosa kubwa lilikuwa na vifungo viwili.

Nikaiwasha mbele yao. Ndani ya sweta, hata na kikomo changu, dakika kumi na tano ikafika tisini na sita. Nikalivua. Dakika kumi baadaye ilikuwa sitini na sita. Tuliokuwa tunatazama namba zile ni watatu, Ambrosi, Juliana na mimi.

Hapa nikiri. Ningeweza kusema kwa upole. Badala yake nilicheka kicheko kibaya, nikasema wiki nzima naitwa mwizi mji mzima kwa sababu ya sweta, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwona Juliana anaanza kulikunja lile sweta polepole huku anatazama chini. Sikunyamaza. Niliendelea mpaka nilipochoka.

Ambrosi hakubisha. Alinisindikiza mpaka getini, akaniambia kwa sauti nzuri kabisa kwamba kesho atakuja na mke wake, na atalifuta lile neno mbele ya Mzee Kalinga. Nikamwamini, mimi mwanamke niliyeibiwa na Nashoni.

Jumatatu duka lilijaa. Ambrosi akaingia, nyuma yake Juliana na kikapu, na nyuma ya Juliana wanaume wawili wanaopasua mbao na Ambrosi, wale wale wanaocheza naye gemu ya mpira. Niliona anawageukia kabla hajafungua mdomo.

Akamwambia mzee kwamba ameongea kwa simu na fundi wa Iringa mjini, fundi mwenye vyeti ukutani, na fundi huyo amesema dalili zote ni za feni iliyobadilishwa. Kwa hiyo yeye anabaki na neno lake.

Leo hii namwelewa. Alishawatangazia watu wote kwamba ameibiwa. Akisema sasa kwamba mkewe aliivalisha laptopu sweta, wale wanaume wangemwita baba sweta mpaka wajukuu wake waoe. Lakini asubuhi ile sikuelewa kitu. Nilitamani kumrushia debe la misumari usoni.

Juliana alimgeukia mumewe, akabaki hivyo, mdomo wazi kidogo. Hakuwa ameambiwa.

Mzee Kalinga akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema Ambrosi anaujua ukweli. Mzee akasema hakumuuliza Ambrosi, ameniuliza mimi.

Nikamwomba Juliana kikapu, akanipa. Ndani kulikuwa na laptopu imevaa sweta lake, vifungo vyote vimefungwa. Aliileta hivyo makusudi, watu waone, maana ndivyo walivyokubaliana nyumbani.

Nikaiweka juu ya kaunta, katikati ya misumari. Nikatoa kile kikomo nilichokiweka, nikafungua gemu ya mpira, nikakuza namba za joto zionekane mpaka mlangoni. Sweta nikaliacha. Nikasema anayetaka kumjua mwizi wa feni atazame hiyo namba.

Sabini. Watu wakasogea. Themanini na mbili. Feni zikaanza kukoroma ndani ya sufu. Tisini.

Ambrosi akasema niizime, nitaiua. Nikamwambia aseme alichokiona jana sebuleni kwake, nitaizima. Akawatazama wale wanaume wake wawili. Tisini na tatu.

Juliana akapita katikati ya watu mpaka kwenye kaunta. Akaweka kiganja juu ya sweta.

"Mzee, hili sweta nimelifuma mimi. Jana tuliona wote watatu, likivuliwa laptopu inapoa. Huyu dada hajaiba kitu. Izime, mdogo wangu, nimeshasema."

Mzee Kalinga akamwitikia Juliana kwa kichwa, halafu akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa tena. Neno lilikuwa limefutwa. Limefutwa mbele ya watu wengi kuliko waliolisikia, na aliyelifuta ni mwanamke niliyemcheka jana yake nyumbani kwake.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia. Kuzima ni sekunde moja.

Sikuzima. Sikutaka litoke kwa Juliana, nilitaka litoke kwa yule mwanaume. Nilimtazama Ambrosi nikamwona Nashoni, nikaliona soko zima la Mwanjelwa limesimama mlangoni kwangu. Hasira hasara, tuliimba shuleni, na mimi niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Bado mume wako," nikasema.

Tisini na sita. Tisini na nane. Harufu ikaanza kutoka, ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Juliana akanishika mkono, nikautoa mkono wake. Wale wanaume wawili wakamwambia Ambrosi aseme tu, yaishe.

Akasema. Alisema haraka, macho chini, kwamba mimi siyo mwizi, hakuna fundi wa Iringa, amedanganya.

Kioo kikawa cheusi kabla hajamaliza.

Nililivua sweta. Niliwaambia watu wasiwe na wasiwasi, laptopu ikizidiwa hujizima yenyewe ili ijiokoe, ikipoa inawaka. Ndivyo ilivyokuwa ikifanya siku zote. Tukasubiri nusu saa, na hakuna aliyeondoka. Nikabonyeza. Haikuwaka. Nikachomeka chaji, hata kile kitaa cha chaji hakikuwaka. Nikafungua mfuniko kwa bisibisi, na pale kati, pembeni ya prosesa, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kucha. Hakuna fundi wa Mbeya wala wa Iringa wa kurudisha hiyo. Nilijua tangu nilipoliona.

Juliana akalichukua sweta, akalikunja mara nne, akalitia kwenye kikapu. Hakunitazama. Ambrosi alishatoka nje.

Mzee Kalinga akazunguka kaunta, akaja kusimama mbele yangu. Akasema kwa sauti watu wote wasikie kwamba mimi siyo mwizi, na atakayerudia neno hilo dukani kwake atanunua misumari pengine. Miezi mingapi nilikuwa nimesubiri mtu aseme hivyo. Nilianza kumshukuru, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mama huyu aliposema, nilikwisha kukusafisha, na wewe uliniona," akasema. "Mbona hukuzima?"

Uongo wote wa kifundi ulinijia kwa mpigo. Kitufe kiliganda. Kidole kiliteleza. Umeme ulipanda. Wowote kati ya huo angeupokea, maana hajui kompyuta, na kesho ningekuwa kwenye kona yangu na taa yangu. Watu walikuwa wananisubiri. Juliana naye sasa alikuwa ananitazama.

"Nilitaka iungue, mzee," nikasema.